Kizuka Ndani ya Nyumba Iliyouzwa

Siku mliyoniaga pale ofisini, na keki yenu iliyoandikwa jina langu kwa sukari, kijana mmoja aliniuliza, "Bibi Agnesi, zamani nyumba mlikuwa mnaziuzaje, bila hata mashine ya fotokopi?" Nikamjibu kwamba tulikuwa tunaziuza kwa miguu. Watu wakacheka, soda zikagawiwa, mambo yakaishia hapo.

Sasa niko nyumbani, miguu juu ya kigoda, hakuna mteja anayenisubiri ngazini, nami nimeona niwaandikie jibu refu kidogo. Mshahara wangu sitautaja, maana hata wakati ule ulikuwa hautajiki. Vyeo navyo tuviache. Waliopanda wanajijua, na sisi tuliopitwa tunawajua zaidi. Nitawaandikia habari za kazi yenyewe, na hasa za nyumba moja ya Chumbageni iliyotaka kutuua kwa presha, kisha ikatuachia.

Niliingia kazini katikati ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa binti wa Kibondei kutoka Muheza, mtoto wa misheni, niliyefundishwa taipu na sista mmoja aliyekuwa akinigonga vidole kwa rula kila nilipotupia jicho herufi. Nilikaa Mabawa kwa shangazi yangu. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa karibu na soko, na mwenye ofisi alikuwa Wakili Framji, Mparsi mzaliwa wa Unguja. Alikuwa mwembamba, anavaa tai nyeusi hata jua likiwa la kukaangia mayai, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyekitoa Muheza. Hasira zake zilikuwa nyingi lakini fupi. Ukinyamaza kidogo zilikuwa zinapita zenyewe.

Mwanamke nilikuwa peke yangu. Mteja wa kwanza kuniona pale aliniagiza chai. Nikamletea, nikakaa kwenye mashine, nikaanza kupiga hati yake. Bwana yule aliacha kunywa, akabaki ananitazama vidole mpaka chai ikapoa.

Lakini siku yangu ya kwanza kabisa kazini sikugusa taipu. Karani mkuu, Mzee Shee, alinipa sindano, uzi na utepe wa kijani, akaniambia nishone. Enzi hizo hati ya kuuza nyumba ilikuwa inashonwa pembeni kama daftari, utepe unapitishwa, halafu lakiri nyekundu inayeyushwa juu ya mshumaa na kudondoshwa juu ya fundo ili mtu asichomoe ukurasa na kuweka wake. Asubuhi nzima nilishona. Nikajiambia, mama wee, nimesomea Kiingereza nije niwe fundi cherehani! Jioni Mzee Shee akavuta ule utepe kwa nguvu zake zote, ukashika. Akasema, "Haya, mwanangu, kesho utapiga taipu."

Huyu Mzee Shee ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Mtang'ata, kanzu nyeupe, kofia ya kudarizi, miwani yenye mkono mmoja na upande wa pili uzi. Hakuniruhusu kupiga hati ya nyumba yoyote mpaka mmoja wetu awe ameikanyaga. "Hati yasema hii nyumba," alikuwa akisema kwa lafudhi yake ya kwao. "Nenda kaitazame kama nayo yasema vivyo hivyo." Ukifika huko, unauliza. Kiwanja cha nani? Nyumba ya nani? Minazi ya nani? Kisima anachota nani? Na nani analala ndani? Nyinyi mnadhani hayo ni maswali ya mtu mmoja. Pwani yetu kila swali lilikuwa na bwana wake. Kiwanja cha mtu huyu, nyumba juu yake ya yule, mnazi wa uani wa mama fulani aliyerithishwa na baba yake, na huyo mama yuko Pangani.

Kuna mnunuzi mmoja alikataa kutusubiri tuulize. Mtu wa haraka, alitoka mbali, akasema minazi si mambo ya wakili. Akanunua, akahamia, na asubuhi ya pili akaangusha madafu awape wageni wake. Kabla hawajayamaliza, bibi mmoja aliingia uani na mkwezi wake, kamba begani, akauliza kwa upole kabisa nani amekwea mnazi wake. Tulihangaika na mnazi ule mmoja kuliko tulivyohangaika na nyumba nzima. Mwishowe wakapatana, bibi akawa anakuja kuangua na mwenye nyumba anamkaribisha chai, lakini Wakili Framji tangu hapo alikuwa akiona dafu anageuza uso.

Hati zilikuwa za Kiingereza. Mimi nikawa napiga kwa Kiingereza na kumsomea muuzaji kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla hajatia sahihi au dole gumba. Wakili alilishikilia jambo hilo kwa meno. Alisema mtu asiuze kitu kwa lugha asiyoiota. Ilikuwa kazi ya kukausha koo, lakini naisifu mpaka leo, na nyinyi mnaowapa watu karatasi mkawaambia "saini hapa, na hapa, na hapa," mtaniona mzee msumbufu, sawa.

Lililokuwa likimsumbua Wakili hasa ni wanawake wa ndani. Bibi wa mji alikuwa na nyumba yake ya urithi, anataka kuiuza, lakini hapandi ngazi zetu wala hatoi uso kwa mwanamume asiye wake. Basi Mzee Shee alikuwa anakwenda, anasimama nje ya pazia, anasoma, anauliza, "Umeridhika, bibi?" Sauti inajibu, "Nimeridhika." Halafu unatoka mkono, dole linatiwa wino, linabonyezwa. Mkono tu! Wakili alikuwa halali vizuri kwa ajili ya mikono ile. "Shee, nitajuaje ni mkono wa mwenyewe na si wa shangazi yake?" Mzee Shee anajibu, "Bwana Wakili, wallahi, hata mimi sijui." Wanaishia hapo mpaka mkono mwingine.

Basi tuje kwenye nyumba ya Chumbageni.

Muuzaji alikuwa Bwana Salehe, seremala, mtu mzima mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Yeye na mkewe, Bi Mwanaidi, hawakujaliwa mtoto, wakataka kurudi kwao Moa wakamalizie uzee karibu na ndugu. Mnunuzi alikuwa Bwana Yohana, Msambaa, Mlutheri, aliyekuwa nyapara kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Kazi ilikuwa inamwishia, na nyumba ya shamba ni ya shamba: ukimaliza kazi unatoka, anaingia nyapara mwingine. Alikuwa na mke, Mama Neema, na watoto wa kutosha kujaza lori. Maisha yake yote alilala nyumba za wenyewe. Alipotia sahihi ile hati aliipuliza wino mwenyewe, taratibu, akakataa karatasi yangu ya kukaushia.

Mauzo yalikuwa yamekwisha. Salehe ametia sahihi mbele ya Wakili, stempu za serikali zimebandikwa, hati imekwenda kusajiliwa. Lililobaki ni kukabidhi nyumba ikiwa tupu mwisho wa mwezi. Pale pale ofisini Salehe alimpa Yohana ufunguo wa akiba, akamwambia, "Mwezi ukiisha, ingia tu, nyumba yako." Wakapeana mikono. Nilikuwapo.

Kabla mwezi haujaisha, Salehe akafa. Hakuugua. Alikwenda kulala adhuhuri, hakuamka kwa alasiri.

Mzee Shee alikwenda mazikoni, na siku ileile akampa utingo wa basi la Muheza ujumbe kwa Yohana, asije kwanza, kuna msiba. Ujumbe ule mpaka leo haujafika.

Kwa wale mnaotoka bara na hamzijui desturi zetu: mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki nje ya nyumba ile ila kwa dharura kubwa, hajipambi, haonani na mwanamume ambaye si maharimu wake, yaani ndugu asiyeweza kumwoa. Pwani tunamwita kizuka. Basi Bi Mwanaidi alikuwa kizuka ndani ya nyumba ambayo kwa sheria ilikuwa ya Yohana. Wakili alijua hivyo na alikuwa anatafuta namna ya kuzungumza na nyapara kwa utulivu mwisho wa mwezi utakapofika. Hakujua kwamba nyapara mpya amekwisha kufika shambani mapema, na Yohana ameambiwa aondoke.

Asubuhi moja nasikia vishindo ngazini. Yohana anaingia, kofia mkononi, jasho linamchuruzika, nyuma yake kelele za watu barabarani. "Mama," ananiambia mimi, binti ambaye ningeweza kuwa mwanawe, "nimefanya nini mimi? Nimepiga hodi!"

Tukamkalisha, tukampa maji, akaeleza. Lori la shamba lilimshusha yeye, mke, watoto, vitanda na matenga ya kuku barazani kwa Salehe, likaondoka zake. Mlango ulikuwa wazi. Akapiga hodi, kimya. Akapiga tena, kimya. Akajisemea, si nimeambiwa niingie tu? Akapita ukumbini apime mahali pa kitanda, akafunua pazia la chumba. Ndani amekaa mwanamke kajitanda nguo nyeupe, juu ya mkeka, uso wazi, wanatazamana. Yule mwanamke akapiga ukelele, na shoga yake, Bi Saumu, aliyekuwa uani akichota maji, akaja na kata mkononi akampiga nayo Yohana kichwani. Nundu tuliiona kwa macho yetu.

"Astaghfirullah," akasema Mzee Shee, akakaa chini.

Wakili Framji alivaa koti. Tukashuka wote wanne, tukaenda kwa miguu, Yohana akiwa nyuma kama mtu anayepelekwa kituoni.

Barazani palijaa. Mama Neema amekaa juu ya kitanda kilichosimamishwa ubavu, anamnyonyesha mdogo wao aliyekuwa anakohoa, watoto wengine wamejibanza kwenye matenga, kuku wanapiga kelele. Majirani wamesimama ng'ambo ya njia na mikono kiunoni. Mlangoni amesimama Shomari, mdogo wake marehemu, mchuuzi wa samaki, kifua mbele, macho mekundu ya kulia.

"Wakili," akasema, "kizuka hatolewi. Mwite askari, mwite Gavana, hatolewi. Na huyu amemfunulia pazia! Biashara hii imevunjika. Akae alikotoka mpaka eda iishe, halafu sisi ndugu tutaangalia kama twauza au hatuuzi."

"Bwana Shomari, pole sana na msiba," akasema Wakili. "Lakini nyumba imekwisha kuuzwa. Ndugu yako alitia sahihi akiwa hai."

"Naye sasa yu wapi? Amekufa ndani ya nyumba yake!"

"Nirudi wapi mimi?" Yohana akaropoka. "Kule amekwisha kuingia mwenzangu! Nimempisha kitanda kikiwa bado cha moto!"

Hapo ndipo nilipoona shida ilivyo. Wakili angeweza kumpatia Yohana amri ya mahakama, sheria ilikuwa upande wake. Lakini amri ni ya wiki nyingi, na kisha ni askari anayemtoa mjane barabarani mchana, mji mzima ukitazama. Na wakati wote huo watoto wale wangelala wapi? Na kama Shomari angeshinda kwa ubishi, Yohana angekuwa mtu aliyenunua nyumba akabaki nje yake. Wakili alinong'ona na Mzee Shee. Mzee Shee akatikisa kichwa. "Tumuulize mwenyewe," akasema. "Watu wote hapa wamsemea, na hapana aliyemuuliza."

"Atamuuliza nani? Wewe umeruhusiwa kuingia?"

Wote wawili wakageuka wakanitazama mimi, kana kwamba ndiyo kwanza wanagundua kuwa nimevaa gauni.

Niliingia mpaka ukumbini. Nilipiga hodi nje ya pazia, nikangoja. Bi Saumu akauliza, "Nani?" Nikasema ni Agnesi, karani wa wakili, mwanamke. Akasema, "Karibu." Nikavua viatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho makavu, amechoka. Nikampa pole. Akaitikia. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Huyo mtoto anayekohoa huko nje, ana muda gani?"

Nikamwambia bado ananyonya.

"Kikohozi hicho si cha kulala nje." Akajitanda vizuri. "Yule bwana alinitisha, mwanangu. Si kwa ubaya. Pazia lilivyofunuka, nikaona kofia, nilidhani ni Salehe karudi kutoka kazini. Salehe naye hakuwa akingoja aambiwe karibu. Anapiga hodi huku mguu umo ndani. Miaka yote nilimgombeza." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, nami nikajikuta nalia naye, karani gani huyo! Bi Saumu akatupa wote wawili upindo wa khanga yake.

Tulipokwisha kufuta nyuso nikamuuliza anataka nini. Nilimwambia sheria ilivyo, sikumficha. Nilimwambia pia anavyosema shemeji yake.

"Salehe aliuza nyumba hii mimi nikijua," akasema. "Nilimwambia mimi mwenyewe, tuuze, twende Moa. Sitaki ije isemwe aliuza asichokitoa. Lakini sitoki, mwanangu. Nitembee barabarani mume wangu hata udongo haujakauka? Hilo siliwezi. Nikishamaliza eda yangu nitakwenda Moa, na hata kijiko sitamwachia."

"Na mpaka hapo, bibi?"

Akatazama pazia. "Nyumba ina vyumba vingapi? Mimi nalala kimoja. Mwambie mkewe aingie na mtoto."

Nilitoka nikayasema yale barazani, kama yalivyo. Shomari akapandisha sauti, kwamba nimemtia mjane maneno mdomoni. Lo! Kabla sijajibu, ikatoka sauti ya Bi Mwanaidi nyuma ya pazia, ndogo lakini kila mtu aliisikia.

"Shemeji Shomari."

"Labeka, shemeji."

"Wewe ndiye uliyempeleka kaka yako kwa wakili kwa baiskeli yako. Leo unataka umfanye mwongo?"

Shomari alikaa pale kizingitini, akajifunika uso kwa kanzu, akalia kama mtoto, na Mzee Shee akakaa kando yake akamshika bega. Tangu siku ya mazishi alikuwa hajalia vizuri, nadhani. Alipomaliza, alinyanyuka, akashika upande mmoja wa kitanda cha Yohana. "Kamata huko," akamwambia. Wakakiingiza ndani.

Mimi nikashusha pumzi. Wakili, la. Yeye alitaka karatasi. Akakaa juu ya tenga la kuku, mimi nikaandika kwa penseli juu ya goti, yeye anasema, Mzee Shee anasahihisha. Kizuka abaki na chumba chake na uani mpaka eda iishe, bila kulipa chochote. Mama Neema na watoto wapite watakapo. Mnunuzi na wanaume wageni wake waishie ukumbini, wasifunue pazia lolote, wasikanyage uani.

"Wasikanyage uani," nikarudia, nikasita. "Bwana Wakili, choo kiko uani."

Watu wote wakamtazama Yohana. Yohana akatazama kofia yake. Nyumba ameinunua, ufunguo anao, hati imesajiliwa, na choo hana! Wakili alivua miwani akaifuta, akavaa, akavua tena. Wale wanaosema vitabu vya sheria vina kila kitu hawakuwapo siku ile.

Aliyetuokoa ni fundi baiskeli wa nyumba ya ng'ambo, aliyekuwa anasikiliza muda wote bila kualikwa. "Cha kwangu kipo," akasema. "Mlango wa pembeni. Ila aje na kopo lake."

Tukaliandika. Naam, nililipiga taipu siku hiyohiyo kwa Kiingereza cha mahakama, kwamba mnunuzi atatumia choo cha jirani aliyetajwa, kwa hisani yake, na kopo liwe la mnunuzi. Nilishona, nikatia lakiri.

Tuliporudi kutia sahihi likaja suala la dole la Bi Mwanaidi. Mzee Shee alikuwa amezoea kusimama nje ya pazia, akaanza kusogea. Wakili akamzuia. "Agnesi, ingia nayo." Nikaingia, nikamsomea, nikamshika dole mwenyewe. Nilipotoka Wakili alinitazama sana. "Uso wake umeuona?" "Nimeuona." "Ndiye?" "Ndiye, bwana. Na nimelia naye." Akaandika jina langu mahali pa shahidi, pale alipokuwa akijiandika mwenyewe. Njiani kurudi alitununulia miwa, mtu ambaye hakuwahi kutununulia hata karanga.

Tangu hapo kila kwenye pazia niliingia mimi. Nimeingia vyumba vya Ngamiani, vya Pangani, vya Moa, vya wajane, vya wagonjwa, vya mabibi waliotaka kunipa posa kwa wajukuu zao. Wakili akaanza kulala usingizi. Mwanafunzi wangu mmoja amewahi kuniuliza kwa nini siku ya kukabidhi ufunguo huwa namtaka muuzaji asimame mlangoni amwambie mnunuzi "karibu" kwa mdomo wake. Sheria haitaki hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nikilitaka, na sababu ni siku ile Bi Mwanaidi alipomaliza eda.

Miezi ile katikati ilipita salama, niseme tu kwa furaha, maana mimi nilikuwa nangoja ugomvi kila wiki. Nilikuwa napitia pale nikitoka kazini. Mama Neema akawa anapika na Bi Saumu uani. Mtoto akapona kikohozi kwa dawa ya Bi Mwanaidi, kisha akazoea kulala mkekani kwake, na kumtoa ikawa kesi nyingine. Yohana, maskini wa Mungu, kila alfajiri alivuka njia na kopo lake, anasalimia watu kwa heshima, na wasichana wanaokwenda kuchota maji wanaitana, "Mwenye nyumba huyoo!" Hakuwahi kukasirika. Jioni alikaa barazani kwake, na akitaka maji ya kunywa alikuwa anapiga hodi kwa pazia la ukumbini na kungoja, hata kama ni mwanawe wa kumzaa aliyekuwa upande wa pili.

Siku ya kutoka eda, Bi Mwanaidi alikoga, akavaa khanga mpya aliyoletewa na Mama Neema, na Shomari akaja na gari la kukodi la kwenda Moa. Kama alivyosema, hakuacha hata kijiko. Sisi wa ofisini tulikuja wote kupokea ufunguo, Wakili na tai yake, Mzee Shee, na mimi. Yohana alikuwa amesimama barazani, kofia mkononi, anatazama chini, asije akaonekana anamtazama.

Bi Mwanaidi alifika kizingitini, akasimama. Hakunipa mimi ufunguo, wala Wakili. Alimgeukia Yohana. Ilikuwa mara yao ya pili kuonana.

"Siku ile ulipiga hodi," akamwambia. "Niliisikia. Sikuweza kukujibu."

"Nisamehe, mama. Sikungoja."

"Ndiyo, hukungoja." Akageuka akaitazama ile nyumba, mlango alioutengeneza mumewe kwa mikono yake, kisha akaweka ufunguo kwenye kofia ya Yohana. "Haya. Karibu, baba. Karibu nyumbani."

Mama Neema alikuwa analia waziwazi. Wakili alikuwa anafuta miwani. Mimi msiniulize. Shomari akamshika shemeji yake mkono, wakapanda gari, na likaanza kuondoka, mtoto wa Mama Neema akipunga kwa mikono miwili.

"Nimekaribia," akasema Yohana, gari likiwa limekwisha kukata kona. Akavaa kofia. Akaingia ndani ya nyumba yake, akapita ukumbini, akafunua pazia, akatokea uani, nasi tuliobaki barazani tukasikia mlango wa choo ukifungwa, na fundi baiskeli ng'ambo ya njia akapiga makofi.